Niliwachangisha Waume za Watu Bila Wao Kujua

Mama Kerubo hakujua chochote. Ni mimi! Huko Ikonge bado wanasema alihongwa, na mimi nimenyamaza kama jiwe. Nichekeni mkitaka, lakini mnisikilize.

Niliacha shule darasa la saba. Nimechonga vinyago vya mawe ya sabuni, nimechuma chai, nimeuza mitumba Keroka. Sikai mahali. Kitu kimoja tu kimenishinda kuacha: kuchokonoa simu hadi nijue inavyofanya kazi.

Ndiyo maana Mama Kerubo, muuza ndizi aliyekuwa akigombea udiwani, alinipa kazi ya kumchangishia mtandaoni, pamoja na chumba nyuma ya jiko lake. "Hatuna tajiri," alikuwa akiwaambia watu. "Tajiri wetu ni hamsini zenu."

Kila siku ya soko nilisoma kwa kipaza sauti majina ya waliotuma, kama kwenye harambee. Watu walipenda hayo kuliko siasa yenyewe!

Lakini hamsini hazina haraka. Mpinzani wetu alikuwa na magari na fulana. Sisi tulikuwa na spika ya kuazima.

Ndipo mkandarasi mmoja wa barabara akaniita Nyamira mjini, akaniagizia samaki mzima. "Kijana, nataka kumsaidia mama. Ila jina langu lisisikike."

Jamani, samaki huponza! Nilijua anatafuta kandarasi. Nilijua pia Mama Kerubo angekataa. Nikapokea, nikazigawa pesa vipande vipande, kila kipande nikakipa jina la jirani. Nikajiona fundi!

Siku ya soko nikapanda juu ya kreti ya soda. "Mzee Nyakundi, elfu mbili!"

Vichwa vikageuka. Mzee Nyakundi ni mtu ambaye hata kanisani, sahani ya sadaka ikipita, hufumba macho na kuimba kwa nguvu.

Mkewe akatua kikapu. "Wee kijana, soma tena."

Nikasoma tena. Kwa madaha!

"Elfu mbili, Baba Moraa? Si uliniambia bonasi ya chai iliishia kwa mbolea?"

"Naapa, Mama Moraa! Huyo mwanamke hata kura simpi!"

"Kumbe! Kura humpi, pesa unampa? Ana nini huyo?"

Soko likalipuka. Wanawake wakanizunguka: "Na wangu umemsoma?" Wanaume wakaanza kupotelea kwenye migomba. Ni Omwenga tu, fundi wa baiskeli niliyekuwa nimemsomea elfu tatu, aliyepunga mkono. "Ndiyo, nilitoa elfu tatu! Nampenda mama!" Ee Nyasae, Mungu wangu! Hakuwa ametoa hata shilingi.

Mama Kerubo akanivuta kando. "Zimetoka wapi?" Nikamwambia. Akachukua kipaza sauti. "Pesa hizi ni za tajiri. Waume zenu hawana makosa. Kosa ni langu, na zinarudi kwa mwenyewe leo hii."

Hakunitaja!

Omwenga akaja mbio. "Basi nirudishiwe elfu tatu yangu kwanza!"

Nilicheka hadi nikashika mbavu. Halafu nikamwona nyanya mmoja muuza mayai, amekaa juu ya gunia, amevaa nguo ya kanisani. Alikuwa ametuma hamsini, ya kweli, akashuka mlima kuja kusikia jina lake. Nilikuwa nimemweka mwisho, nyuma ya majina yangu ya uongo.

"Mimi hujanisoma," akasema. "Au yangu pia ni ya tajiri?"

Kicheko kikanikauka mdomoni.

Baada ya hapo hakuna aliyetuma tena. Mama Kerubo akashindwa vibaya. Hakunifukuza. Aliendelea kunipakulia matoke kila jioni bila neno, na ile sahani ikanishinda kuitazama. Nikafunga virago mwenyewe.

Ninyi mnaowachangishia wagombea, tajiri akikununulia samaki, kula, shukuru, nenda nyumbani. Usibebe kitu kingine! Na ukipanda kwenye kreti, anza na wadogo.

Mimi nimechelewa, lakini acha nisome.

Nyanya Kwamboka, hamsini.