Nyumba Iliyohama Ntalikwa

Watu wa Ntalikwa waliicheka nyumba ya Benedikta Mahona hata kabla haijaezekwa. Ilikuwa ya vyumba vitatu, na kuta zake hazikuwa na udongo wala saruji kati ya tofali na tofali. Tofali hizo Benedikta alizifyatua mwenyewe kwa mashine ya mkono, kwa udongo wa kichuguu na saruji kidogo, zote kipimo kimoja: kila moja na kinundu juu, kishimo chini, ya juu ikiikalia ya chini na kuishika. Milango yote ilikuwa na upana sawa, na madirisha vivyo hivyo.

"Hiyo si nyumba, ni masanduku yamepangwa," alisema mzee Omari, fundi wa Gongoni aliyejenga nyumba nyingi za mtaa ule kwa tofali za kuchoma. "Siku upepo ukikohoa tutakuja kukuokota, mama Kulwa."

Benedikta alicheka naye, lakini ilimuuma. Chuoni alikuwa mwanamke peke yake katika darasa la ujenzi, na alijua kwamba mwanamume akikosea wanasema fundi kakosea. Yeye akikosea wangesema wanawake.

Upepo haukuiangusha. Mwaka wa nne, asubuhi moja ya Juni, walipita wapima barabara wakichora alama za X nyekundu. Njia ya mashambani ilikuwa inapanuliwa, na nyumba sita zilikuwa ndani ya eneo lake. Walipewa siku thelathini.

Ezekia, mumewe, alikaa kizingitini, mikono kichwani. "Miaka minne ya jasho. Tunaanza tena na moja?"

Benedikta aliizunguka nyumba mara mbili, akigonga kuta kwa kifundo cha kidole.

"Lete ngazi," alisema. "Tutaanza na bati."

"Unaibomoa kabla ya siku zake?"

"Nani kasema kubomoa? Tunaifumua."

Wakashusha bati, kisha kenchi, zile mbao zilizobeba paa. Lenta, mkanda wa zege uliopita juu ya milango na madirisha, ilibidi ipasuliwe kwa nyundo, na hasara ilikuwa kubwa pembeni, pale alipomimina zege ndani ya matundu ya tofali ili kona zishike. Siku ya kwanza walivunja nyingi, maana Ezekia alikuwa akizibetua kutoka upande.

"Usilazimishe," Benedikta alimwambia. "Iliyolala mwisho ndiyo inaamka kwanza. Inyanyue wima."

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Tofali zilirundikwa kwenye ua kwa mamia, nzima, huku majirani wakigeuza kuta zao kuwa kifusi.

Nyumba mojawapo kati ya zile sita ilikuwa ya Najiat, binti yake Omari. Mzee alikuja kuokoa milango tu, kwa kuwa tofali zake za kuchoma zilikuwa zimeng'ang'ania saruji na kupasuka nayo. Akasimama kwenye ua wa Benedikta.

"Shikamoo, fundi," Benedikta alimwamkia.

"Marahaba." Aliokota tofali, akaligeuza juu chini. "Hili limetoka ukutani?"

"Leo asubuhi."

"Na litarudi?"

"Litarudi, Mungu akijalia. Ila sijui kama ni mahali pale pale."

Kiwanja kipya walichopewa badala ya kile cha barabarani kilikuwa chembamba na kirefu, na ramani ya zamani isingekaa. Benedikta akachukua daftari la hesabu la mwanawe Kulwa, lile lenye miraba, akahesabu mraba mmoja kuwa nusu tofali. Akavipanga vyumba kwa mstari mmoja, dirisha la jikoni akalipeleka sebuleni, na hapakuwa na tofali hata moja la kukatwa.

Msingi ndio uliomshinda, kwa sababu udongo wa pale ulikuwa mweusi, wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Alikwenda mwenyewe Gongoni kumwomba Omari. Mzee alikuja na kamba yake, akachomeka fimbo ardhini mahali pengi.

"Nenda chini mpaka ukute kokoto," alisema. "Kuta zako nimeziamini. Ardhi hii bado."

Msingi ulichukua wiki mbili. Kuta zilisimamishwa kwa siku tisa tu. Tofali mpya, za kufidia zilizovunjika, zilikuwa na rangi hafifu kuliko za zamani, na ukuta ukatoka na mabaka kama ng'ombe. Ezekia alitaka wapige plasta. Benedikta akakataa.

Kabla ya mvua za Novemba, Omari alirudi na Najiat.

"Mfyatulie na huyu," alisema mzee. "Msingi nitachimba mimi."

Najiat aliona haya kidogo. Uwezo wake, alisema, ulikuwa chumba kimoja na jiko.

"Kinatosha kuanzia," Benedikta alisema, akifungua ukurasa mpya wa daftari. "Ukuta wa upande mmoja tutauacha na meno, tofali zikichomoza moja moja. Ukipata nguvu mwakani, tunaunganisha chumba cha pili hapo hapo. Wewe niambie tu: nyumba ikue kuelekea wapi?"

Najiat alikitazama kiwanja chake, kilichopakana na cha Benedikta, akainua mkono, akaonyesha upande wenye kisima.