Kichwa Nilichokitoa Kivulini

Ile siku ningali naikumbuka, mwanangu, maana ndiyo siku niliyoujua ujinga wangu. Umekuja kuniambia unataka kuwatembeza wageni hapa Voi, uwaonyeshe mji na historia yake. Vizuri. Kazi hiyo niliifanya kabla baba yako hajazaliwa. Basi weka hiyo simu chini kwanza.

Wazazi wetu walifariki wakifuatana. Mimi nilikuwa darasa la saba, na mdogo wangu Wakesho alikuwa hajajua kutembea vizuri. Nikaacha shule. Sikulazimishwa na mtu, ila tumbo la mtoto halingoji mtihani uishe. Nilichunga ng'ombe Ndara, nikakata mkonge Mwatate, na nilipopata ndevu mbili tatu nikagundua kwamba wageni wanaoshuka treni Voi wanapenda kusimuliwa mambo. Nami mdomo nilikuwa nao.

Niliwasimulia habari za wajenzi wa reli na simba waliowala kule Tsavo. Niliwapeleka makaburini kwa askari wa vita vya Wazungu, yale mawe yaliyopangwa sawasawa kama watoto wa shule kwenye paredi, na nilikuwa nimekariri majina, mstari kwa mstari. Kisha nilipanda nao mlima Sagalla ili wauone mji kutoka juu: mabati yanayong'aa, mto wenye maji msimu mmoja na mchanga msimu mwingine, na tembo wekundu kama udongo wakipita kule nyikani. Siku hizo Voi ilikuwa nyumba chache za makarani na watu wa reli. Leo nyumba zimepanda hadi miguuni mwa mlima, lakini mlima ni uleule.

Juu kule kuna pango la ukoo wetu. Zamani, kabla wazee hawajaingia kanisani, mtu akishazikwa na miaka kupita, kichwa chake kilifukuliwa na kuwekwa chini ya mwamba pamoja na wenzake, kila mmoja mahali pake. Babu Mwadime, ndugu yake babu yetu, aliniambia, "Mwakio, ukitaka kwenda kule, twende mimi na wewe kwanza." Nikajibu ndiyo, babu. Kila juma nikasema juma lijalo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini langu halikuumia. Liliumia la mwingine.

Siku hiyo nilikuwa na wageni wawili, mume na mke, wenye kamera. Wakesho alikuwa na miaka minane, nikaja naye kwa kuwa sikuwa na wa kumwachia. Nilimketisha njiani, nyuma ya kona, nikamwambia asisogee. Pangoni kulikuwa na giza, picha zisingetoka. Mwanamume akanung'unika. Nami, kwa kutaka sifa, nikanyoosha mkono, nikachukua kichwa kimoja, nikakiweka nje juu ya jiwe, juani. Wakapiga picha wakafurahi.

Hawajafunga kamera, ukungu ukashuka. Si ule wa kawaida unaokuja polepole kutoka juu. Huu ulitoka pangoni, mwanangu, au ndivyo macho yangu yalivyoona. Yule mama akasema tuondoke. Tukaondoka mbio. Kichwa nikakiacha palepale.

Nilimkuta Wakesho amefunika macho kwa viganja.

"Una nini?"

"Jua, kaka."

"Jua gani? Hata mguu wangu siuoni kwa huu ukungu!"

Nilimshika bega tukashuka, naye hakuondoa mikono.

Siku tatu hakula. Mchana, ndani ya nyumba, madirisha yamefungwa, yeye ameziba macho anaugeukia ukuta. Daktari wa zahanati alimulika macho yake akasema hayana kitu. Siku ya tatu nilimpelekea uji, akaniambia taratibu, kama mtu anayetumwa ujumbe, "Kaka, mrudishe ndani. Anaungua."

"Nani?"

"Yule uliyemwacha."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Bakuli likaniponyoka.

Nilikwenda kwa Babu Mwadime nikasema kila kitu. Nilidhani atanipiga kwa fimbo. Aliniangalia tu, akasema, "Askari wa Kizungu unawajua mstari kwa mstari. Wa kwenu unawachukua kama viazi gulioni." Mwanangu, heri fimbo.

Tulipanda asubuhi, Wakesho mgongoni mwangu, mwepesi kama kuni kavu. Kichwa kilikuwa palepale juu ya jiwe, kimefunikwa na vumbi jekundu, lile vumbi la kule chini mjini. Kule juu ni msitu na ukungu, hakuna vumbi. Babu alilifuta kwa koti lake, akamwaga pombe ya miwa kidogo chini, tukaingia.

"Alikuwa kati ya nani na nani?"

Nikatazama mapengo yaliyokuwa kwenye safu.

"Nakuuliza, Mwakio. Upande huu nawajua wote, na wote wapo. Huyu alitoka upande ule. Upande ule alikuwa anaujua baba yako."

Hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Baba alikufa sijamuuliza. Nilijaribu pengo la kwanza, kichwa kikabingirika. La pili, kikabingirika, na sauti yake juu ya mawe ilikuwa kama mtu anayekataa. Wakesho akajitelezesha chini. Macho ameziba bado, akatembea gizani bila kujikwaa, akasimama mwisho kabisa, akagusa mwamba kwa kiwiko.

"Hapa."

Nikamweka. Akatulia. Wakesho akashusha mikono, akaniangalia, akasema, "Kaka, nina njaa."

Mwaka mzima baada ya hapo nilipanda na Babu hadi nikawajua wa upande wake wote. Yule mmoja jina lake hatukulipata. Nikimsalimu nasema tu, "Mkubwa, hujambo."

Mimi ni Mkristo, Jumapili huniona kanisani, na siabudu mifupa. Lakini heshima si ibada. Kwa hiyo nakwambia waziwazi: watembeze wageni, waonyeshe reli, makaburi na tembo, maana mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini kabla hujawa mdomo wa mji huu, uwe sikio lake. Usimwonyeshe mgeni usichokijua, na usikitoe kivulini kilichowekwa kivulini na waliokutangulia. Na swali ulilo nalo kwa mkubwa wako, usiliweke la juma lijalo. Kuuliza si ujinga; ujinga ni kungoja hadi wa kuulizwa awe amezikwa.

Nenda, mwanangu. Mungu aukaze mguu wako kwenye mawe yenye umande, aulainishe ulimi wako, na kila mlango wa mzee utakaobisha umkute mwenyewe yuko hai, ameamka, na ana hamu ya kuzungumza.