Septante

Nilikuwa na miezi miwili tu Marekani pale mkuu wa shule aliponiita ofisini. Katika shule ile ya msingi, madarasa kadhaa yalisoma kila kitu kwa Kifaransa, hata hesabu, na kwa ajili hiyo walituleta walimu kutoka mbali kwa viza ya kubadilishana walimu. Mimi nilitoka Kabambare, mashariki ya Kongo, nikiwa na miaka kumi na miwili ya ualimu.

Mkuu alikuwa mama wa makamo, anayetabasamu hata anapokaripia. Akanisogezea barua.

"Baba wa mtoto mmoja anasema unawafundisha kuhesabu vibaya. Septante, nonante. Anasema hayo si maneno ya Kifaransa."

Kwetu Kongo, sabini ni septante na tisini ni nonante, kuanzia darasa la kwanza hadi chuo. Wafaransa ndio wanaosema "sitini na kumi", na tisini wanaiita "ishirini mara nne na kumi".

"Ni Kifaransa, mama," nilimjibu. "Wabelgiji walitufundisha hivyo, na wao wenyewe bado wanasema hivyo."

"Sisemi unakosea. Lakini wazazi walitegemea Kifaransa cha Ufaransa. Na ile r yako ya kuviringisha ulimi pia..." Akatabasamu.

Nilitaka kuacha kazi palepale. Lakini viza yangu ilifungamana na shule ile. Nikiiacha shule, ruhusa ya kukaa inakwisha. Nikasema asante, nikatoka.

Tangu Jumatatu iliyofuata, saa ya hesabu, kijana Mfaransa wa darasa la jirani alikuja kufundisha mahali pangu. Ulikuwa mwaka wake wa pili wa ualimu. Mimi nilikaa nyuma, nikigawa madaftari na kuchonga kalamu. Siku moja msichana mdogo aligeuka akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, wewe hujui kuhesabu?"

"Najua," nilisema.

Alinipapasa mkono, kama mtu anayemfariji mgonjwa.

Nikiwa pale nyuma ndipo nilipoanza kuwafikiria wanafunzi wangu wa Kabambare. Aliyesema Kibangubangu, lugha yetu ya nyumbani, darasani nilimvika shingoni kipande cha ubao, akae nacho mpaka amnase mwenzake akiisema. Mimi mwenyewe nilivikwa utotoni, nikaona ndiyo kazi. Kulikuwa na msichana mmoja ambaye, baada ya kuvaa mara tatu, hakufungua tena mdomo mwaka mzima. Katika ripoti yake niliandika: mvivu. Sijui aliko sasa.

Mwaka ulipokwisha hawakuniongezea mkataba. Walinipa kadi yenye sahihi za watoto wote.

Nilirudi Kongo, nikafika Kasongo kwa mdogo wangu wa kike nikiwa na vumbi la pikipiki hadi masikioni. Aliniwekea sombe, yale majani ya muhogo, na samaki wa mtoni Nyangwe, akaningoja nimalize kula.

"Yaya," aliniuliza, kama anavyoniita mimi mkubwa wake, "walikufukuza?"

"Hapana. Muda ulikwisha."

"Wenzako wanakaa miaka tatu. Weye mwaka moja tu?"

"Walisema Kifaransa changu si kizuri."

Alicheka sana, akidhani ni mzaha. Mimi ndiye niliyemsahihishia imla za Kifaransa akiwa mtoto. Alipoona sicheki, akaondoa sahani.

Kabambare nafasi yangu ilikuwa imeshachukuliwa. Nikapelekwa shule moja njia ya Salamabila. Darasa langu la sita huanza limejaa, na kufika Pasaka limebaki nusu. Wengine wamekwenda kwenye machimbo ya dhahabu. Nimeomba mara mbili nirudishwe Kabambare. Mara ya mwisho, bwana wa ofisi ya elimu hakuisoma hata barua yangu.

"Mwalimu," aliniambia, "mutu mwenye alifika Amerika, Salamabila itamushinda namna gani?"

Na wote waliokuwa kwenye benchi, wakingoja zamu yao, wakacheka.