Mgumu wa Meru na boti iliyomfuata mchangani

Soko la Tengeru limeshachangamka, mvua imepumzika kidogo, na Sifaeli Kaaya amekaa juu ya debe lililopinduliwa akitoboa soli ya buti la mlimani kwa msharasi. Mguu wake wa kulia ameukunja kama watu wengine. Wa kushoto umenyooka mbele yake kama mti ulioangukia njiani. Wapita njia wanauruka. Wengine wanaomba radhi, wengine hata hawauoni.

"Huu haukunjiki tena," anasema, bila kuinua macho. "Nyonga ilishikana vibaya. Nikishakaa, kusimama ni kazi. Nikisimama, kukaa ni kazi. Basi nimechagua kukaa."

Wateja wake ni wagumu, ndivyo wapagazi wa mlimani wanavyoitana wenyewe. Wanamletea mabuti yaliyoachama midomo na mabegi yaliyokatika mikanda. Siku nzuri anaondoka na elfu nane. Siku za masika, Mlima Meru ukiwa umejifunika na wageni hawaji, anaondoka na alichokuja nacho.

Ni masika sasa. Na masika ndiyo yanayomwogopesha, kwa sababu huu ndio msimu ambao watu wa huku juu wanaitwa kwenda kufanya kazi baharini.

Sifaeli, mwenye miaka thelathini na minane, alizaliwa kwenye migomba na kahawa juu ya Tengeru. Alibeba mizigo ya wageni mlimani tangu ujana. Kazi ile ina sheria moja ambayo haikuandikwa popote, mgumu anaipata kwa mgumu mwenzake kama mtoto anavyopata lugha kwa mama. Mgeni akiteremka mahali pabaya, wewe unasimama upande wa chini.

"Ule ukingo wa Meru unaujua? Huku shimo, huku shimo," anasema. "Mgeni akiteleza, anakukuta wewe. Wewe ndiye ukuta wake. Hufikirii, mguu unakwenda wenyewe."

Masika moja alikuja mtu akitafuta vijana wenye migongo. Hoteli fulani ya pwani ilikuwa na wageni wanaokuja likizo kuzamia, kutazama samaki na matumbawe, na mitungi yao ya hewa ni mizito. Mtu wa mlimani hawezi kulalamikia uzito. Sifaeli akaenda, yeye ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya Ziwa Duluti, na kuogelea hajui.

Hoteli ile haikuwa na gati. Boti ilikuja mpaka karibu na mchanga, na wageni walishuka ubavuni, kwenye maji ya mapajani, wengine wakiwa bado na mitungi mgongoni. Bahari ikiwa imelala, ilikuwa kama mchezo. Ikiamka, ilikuwa habari nyingine. Sifaeli alimwona mzee mmoja akivunjika kifundo kwa kuruka kabla ya wakati. Alimwona dada mmoja akiangushwa kifudifudi na wimbi dogo tu, mtungi ukamlalia, wakamnyanyua akitapika maji ya chumvi.

"Mtu ametoka chini ya bahari salama, anakuja kuumia mlangoni kwake," anasema, akitikisa kichwa.

Siku yake ilikuwa ya upepo. Boti ilirudi alasiri, mawimbi yakaigeuza ubavu. Mama mmoja mgeni, wa makamo, mwenye mtungi mgongoni, alikuwa ameshakaa ukingoni tayari kushuka. Akateleza.

Mguu wa Sifaeli ukaenda wenyewe. Alizunguka upesi akasimama upande wa chini, yaani kati ya boti na mchanga, akafungua mikono kama alivyofanya mara nyingi mlimani. Alimpokea yule mama, akamsukuma kando. Kisha wimbi likainua boti, na boti na mashine yake na watu wake ikaja ikampokea yeye.

Mlima haumfuati mtu. Boti humfuata.

"Nilisikia kama kuni kavu inavunjwa," anasema. "Yule mama alinishika mkono mpaka kwenye gari. Anaongea lugha yake, mimi nalia kwa Kimeru. Yeye alichubuka goti tu. Nashukuru Mungu alipona. Lakini kuna siku nikishindwa kuvaa suruali namkumbuka, na simkumbuki kwa wema."

Alirudi nyumbani amelazwa kiti cha nyuma cha basi. Mkewe, Eunike, ndiye anayemsaidia kuvaa mpaka leo.

Alipopata nguvu aliipigia hoteli simu akawaambia mambo matatu. Mashine izimwe kabla ya mtu kugusa maji. Wageni washuke mikono mitupu, mitungi ibaki botini. Na mtu yeyote, awe mgeni awe mpagazi, asisimame kati ya boti na mchanga. Sauti ya upande wa pili ilimsikiliza kwa adabu. Ikamjibu kwamba wageni wanapenda kushuka majini wenyewe, ndiyo raha ya safari.

Mwaka huu mtu yule yule amerudi kutafuta migongo. Na safari hii aliyekubali ni Ndesanjo, mdogo wake Eunike, mgumu wa miaka ishirini na sita.

"Shemeji, mlima umefungwa na migomba yangu hainilishi," Ndesanjo anasema, akikabidhi mabuti yake yaliyopasuka. "Nishonee haya, nikirudi mlima ukifunguka niyakute. Kule nitatembea pekupeku."

Sifaeli hamkatazi. Alishamkataza, ikawa ugomvi wa ukoo mzima. Leo ameamua kumfundisha.

Kando ya meza yake kuna mkokoteni wa ndizi, umeegeshwa mahali penye mteremko, gurudumu limezuiwa kwa jiwe. Sifaeli analitoa jiwe na kuweka mkongojo wake badala yake. Kisha anamwita Namnyaki, mama wa Kiarusha anayeuza maziwa ng'ambo ya njia, mwili umejaa na kicheko kimejaa.

"Panda, mama. Wewe ni mgeni, huu mkokoteni ni boti."

"Leo nimekuwa mzungu!" Namnyaki anajibu, akipanda huku watu wakimshangilia. "Mnishike vizuri, mimi nimelipa dola!"

"Ndesanjo, mgeni anateleza. Unasimama wapi?"

Namnyaki anajitupa ubavuni kwa mbwembwe zote. Ndesanjo anaruka na kusimama chini ya mteremko, mikono wazi. Sifaeli anavuta mkongojo. Mkokoteni unateremka kidogo tu na kumgonga kijana kwenye miundi.

"Umekufa," anasema Sifaeli.

Soko linacheka. Wanausukuma mkokoteni juu, wanarudia. Ndesanjo anaapa safari hii amekumbuka. Namnyaki anateleza, na kijana yuko chini tena.

"Umekufa tena. Simama pembeni, shemeji! Pembeni, au upande wa baharini!"

"Nimeambiwa pembeni, najua pembeni! Lakini mama wa watu anaanguka!"

"Mwache aanguke majini! Maji hayavunji mtu, boti inavunja!"

Wanarudia mpaka Namnyaki anachoka kuwa mzungu na kudai maziwa yake yanaganda. Kila mara kijana anakwenda upande ule ule. Kicheko cha soko kimeisha polepole, kama moto uliokosa kuni. Ndesanjo anasugua muundi wake. Sifaeli amerudi kwenye debe lake na kuushika msharasi.

Namnyaki, asiyependa kimya, anamchokoza Sifaeli. "Basi tutegee kitendawili, Baba Diana. Mama yako alikuwa fundi wa vitendawili."

"Kitendawili," anasema Sifaeli.

"Tega!"

"Anakuja mbio mpaka mlangoni, haingii, anarudi."

"Mkwe wangu huyo!" anapaza Namnyaki. "Akisikia niko ndani anageuza!"

"Siye. Nipe mji."

"Chukua Moshi yote, na Kikatiti nakuongezea."

"Wimbi," anasema Sifaeli. "Mama alinitegea nikiwa mdogo, na bahari hakuwahi kuiona. Mimi nimeiona. Kuna siku linaingia."

Ndesanjo alipanda basi Alhamisi. Eunike alimfungia mkungu mdogo wa ndizi za kuchoma, akamwambia maneno ambayo dada humwambia mdogo wake, kisha akarudi shambani bila kugeuka nyuma. Sifaeli hakumwombea baraka nyingi. Alimpa agizo moja: akishashusha wageni mara ya kwanza apige simu, aseme alisimama wapi.

Simu imeita Jumamosi, soko likiwa limefurika. Sifaeli anaweka msharasi chini. Nyuma ya sauti ya kijana kunasikika mvumo, kama lori lisilofika.

"Shikamoo shemeji. Nimefika salama. Bahari imetulia kabisa."

"Marahaba. Ulisimama wapi?"

Mvumo ule unakuja, unarudi.

"Shemeji, kuna babu mmoja alipepesuka..."

"Ulisimama wapi, Ndesanjo?"

"Mguu ulikwenda wenyewe," anasema kijana. "Lakini hakukuwa na wimbi, shemeji. Leo hakukuwa na wimbi."

Sifaeli anamwambia kesho ajaribu tena. Anamwambia ajifunge kamba kiunoni, aifunge kwenye pua ya boti, kamba imkumbushe kubaki pembeni pale mguu utakaposahau. Kijana anaitikia, ndiyo shemeji, ndiyo shemeji, kwa ile ndiyo ya mtu anayeitwa na kazi. Simu inakatika.

Eunike, aliyeleta chakula, amesimama na sufuria mkononi. "Amesemaje, Baba Diana?"

"Amefika salama."

Anapanga, anasema, mvua zikipungua aende pwani mwenyewe. Si kubeba, hana cha kubebea. Akae mchangani na mkongojo wake, boti ikija apige kelele tu, kila siku, mpaka wamfukuze au wajenge gati. Eunike anamtazama, halafu anautazama mguu ule ulionyooka, na anampakulia chakula.

Nauli hana. Mlima utafunguliwa mwezi wa sita, na wagumu waliokwenda baharini wanatazamiwa kurudi.

Baada ya kula anayavuta mabuti ya Ndesanjo. Anaanza na la kulia, anavuta uzi, anaukaza kwa meno. Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri anamwuliza kwa nini asimalize kwanza kazi za watu waliopo.

"Haya yana mwenyewe," anasema Sifaeli, akilichukua la kushoto na kuliweka magotini kando ya mwenzake. "Nayashona yote mawili."