Brashi Zilizolala Kwenye Mawese

Ipo siku moja pale Kibirizi, mwanangu, ambayo huirudia kila asubuhi ninapofungua chumba changu cha kuchorea hapa Katubuka. Kabla ya chai nachukua brashi moja moja na kuinusa. Majirani wanadhani uzee umenizidi. Waache.

Sasa hivi nina kazi tatu. Moja ni kina mama wanaanika dagaa. Imebaki mikono yao tu, na mikono hunichosha kuliko nyuso. Ya pili ni ziwa likiwa limetulia, nimeifuta mara nne. Ya tatu ni ubao wa jina la boti. Asubuhi nachora mikono, maana mwanga wa dirishani ni mzuri. Mchana natembea hadi ziwani kutazama. Jioni naandika herufi, na herufi ndizo zilizoniponza.

Shule niliiacha darasa la tano. Nilikuwa situlii, nikiona treni inaondoka nataka kujua inaishia wapi. Katika kuzunguka nikafika Kibirizi, kwenye mwalo wanaposhushia dagaa na mizigo ya ziwani, nikapata kazi kwa Mzee Misigaro, aliyekuwa akiandika majina ya maboti. Alikuwa na fundi mwingine, Saidi wa Ujiji, kijana mkimya, mwenye mkono mzuri kuliko wangu. Herufi yake ya S aliimalizia kwa kijimkia kama cha samaki.

Mama Zuhura, mfanyabiashara wa dagaa, akaleta boti yake mpya iandikwe SUBIRA. Ubavu wa kushoto akapewa Saidi, wa kulia nikapewa mimi. Wa Saidi ulikauka kwa siku mbili. Wangu, siku ya nne, bado ulinata. Nikasogeza uso, nikaona utando mwekundu mwekundu. Nikanusa. Mawese.

Nani aweke mawese kwenye rangi yangu kama si Saidi? Nikaanza kumvizia. Nikafunga uzi kwenye mfuniko wa kopo langu la rangi. Akicheka na wapagazi, najua ananicheka mimi. Akinyamaza, najua anapanga. Akinikaribisha ugali, nasema nimeshiba huku tumbo linanguruma. Uzi haukukatika hata siku moja, nami nikajiambia: kumbe ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Siku ya kushusha boti majini, wapagazi waliisukuma kwa mabega upande wangu. Walipogeuka, mashati yao yalikuwa yameondoka na nusu ya jina.

"Nani kaniharibia boti?" Mama Zuhura akauliza.

Nikasema mbele ya mwalo mzima, "Muulize Saidi. Kanitilia mawese kwenye rangi."

Saidi akanitazama. "Kaka, uliniona?"

"Mpaka nikuone?"

Mama Zuhura akasema mwenye wivu hatashika brashi hapo mwaloni, naye alikuwa mtu wa kusikilizwa. Mchana huohuo Saidi akafunga vitu vyake, akapanda boti ya mizigo iliyokuwa ikivuka kwenda Kongo.

Jioni nikaenda nyuma ya mtumbwi mbovu kuosha brashi zangu. Mzee Misigaro akanifuata.

"Kikopo hicho kina nini?"

"Mawese, mzee. Nimevumbua mwenyewe. Nikizilaza humu, asubuhi zinaamka laini."

Akachukua brashi moja, akaibana kwenye kiganja changu, yakachuruzika mafuta mekundu.

"Sisi tunaosha kwa mafuta ya taa kwa sababu yanakwenda zake," akasema. "Haya hayakauki. Kila asubuhi umeyatia kwenye rangi kwa mkono wako."

"Mbona hukuniambia mapema, mzee?"

"Ningejuaje? Umekificha huku tusikuibie ujuzi."

Nilimwendea Mama Zuhura nikamweleza. Akasema, "Basi nenda ukamlete." Nilivuka ziwa mara mbili. Sikumpata.

Sijapona kabisa, nisikudanganye. Juzi tu nimekuta kopo langu la buluu liko wazi, na jina la mtu likawa limeshanifika mdomoni. Nikakumbuka nililiacha wazi mwenyewe.

Kwa hiyo, mwanangu, rangi yako ikikataa kukauka, anza na brashi yako. Ujuzi wako uonyeshe wenzako, maana ukiuficha hakuna wa kukwambia pale unapokosea. Na ukimshuku mtu, mwite pembeni umuulize, kisha usubiri jibu lake. Mimi niliulizwa swali dogo tu, uliniona, nikashindwa kulijibu mpaka leo. Mchana nikifika ziwani na maboti ya Kongo yametia nanga, husoma kwanza herufi za S, nione kama ipo yenye kijimkia.

Mungu akupe mkono mwepesi na ulimi usio na haraka, na wale unaofanya nao kazi leo akuachie hadi uzee wako.