Nani Alimbuke Kwanza

Mwanangu, nakumbuka msimu mmoja wa mahindi mabichi pale Oldeani, nikiwa bado mama kijana wa mtoto mmoja. Juzi uliniuliza kwenye simu, eti kulimbuka ni nini. Ama kweli! Ninyi wa siku hizi mnamjua limbukeni tu, yule wa kuringishia watu simu mpya. Kulimbuka ni kuonja mazao mapya ya msimu kwa mara ya kwanza, na hicho unachoonja ndicho limbuko. Tukikutana bombani tuliulizana, "Mmeshalimbuka?" hata kabla ya habari za watoto.

Basi, kwa kina baba yako, watu waliotoka Singida kuja kuchuma kahawa, aliyelimbuka kwanza alikuwa bibi yako, mama mkwe wangu. Yeye hajaonja, hakuna wa kuvunja hindi. Mwaka ule alikwenda Mbulu kumuuguza dada yake, mvua ikaharibu barabara, akakwama huko. Mahindi yakawa tayari shambani, na ndani unga umekwisha. Dada yako Neema ndio kwanza ameacha ziwa. Nampa mboga za majani na chai ya rangi, analia mpaka sauti inamkauka. Baba yako akirudi kazini anauliza kama mama yake amefika. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kuitwa mkwe asiye na adabu.

Mama mkwe akafika mchana mmoja, tope mpaka magotini. Hata mzigo hakuutua. Akakishika kimkono cha Neema, akakigeuzageuza, kisha akatazama shamba.

"Mama Neema, mtoto amekula nini?"

"Tulikuwa tunakusubiri ulimbuke, mama."

Jamani, nilidhani nitatukanwa. Akaketi palepale mlangoni akalia. Halafu akaenda shambani mwenyewe, akavunja hindi, akalichoma, akatafuna punje hadi zikalainika, akamtilia mtoto mdomoni.

"Mnanitanguliza mimi kwa sababu mnanipenda," akasema. "Sasa mimi nitampenda nani, huyu akifa?"

Tangu siku ile, kwetu hulimbuka mtoto mdogo kuliko wote, ndipo wakubwa wafuate. Ulipozaliwa wewe, ni bibi huyohuyo aliyekutafunia, na meno yenyewe yalikuwa yamebaki ya kubahatisha.

Sasa una mke na shamba lako huko Karatu. Wakubwa waheshimu, usiniletee ujeuri wa mjini. Lakini mwenye njaa ndani ya nyumba yako mpe kwanza, hata kama umesikia mimi niko njiani nakuja. Nikikuta mmeshakula nitafurahi, na nitakula kitakachokuwa kimebaki. Mungu abariki mikono yenu, awaletee mvua kwa wakati wake, na kila mwaka mlimbuke mkiwa hamjapungua hata mmoja.