Matumbawe Mahali pa Kabati

Niseme mapema tusisumbuane: kabati nililitoa mimi mwenyewe, kwa akili zangu timamu, mchana kweupe. Nikirudishwa mwaka ule wa tisini na saba, nalitoa tena.

Naitwa Sia, mzaliwa wa Machame, mkazi wa Engutoto hapa Arusha. Nilikuwa mpiga chapa kwenye mradi wa Wadachi kule Tengeru. Ulipofungwa, kama ilivyofungwa mingi miaka ile, nikaanza kuuza mapazia ya mitumba. Bosi wangu alipofunga mizigo aliniachia tangi lake la kioo, matumbawe matano, kila moja kama kidole gumba, na bahasha ya vibali vya kuyafuga. Alisema ofisi nzima iliona mawe tu, ni mimi peke yangu niliyeuliza yanakula nini. Kwa kweli nilikuwa nimeshayapenda. Yale si mawe, ni wanyama. Asubuhi ukiwasha taa yanafungua vidomo vyake taratibu, na hayamsemi mtu, jambo ambalo majirani zangu limewashinda.

Mume wangu Ndesanjo alikuwa dereva wa lori la Tanga, akiniletea maji ya bahari kwenye madumu. Maji yakipungua kwa joto la taa, nilijazia ya mvua. Haya ya bomba, yanayowatia watoto wa huku meno rangi ya kahawia, sikuthubutu kuyatia. Umeme nao ulikuwa wa mgao, kwa hiyo pampu niliifunga kwenye betri ya gari. Tuliishi hivyo miaka mitatu, matumbawe yakakua.

Kukua ndiko kulikoleta matata. Tumbawe likimfikia jirani yake linamchoma. Asubuhi moja nililikuta lile la matawi lina kovu jeupe ubavuni, kama mkono uliomwagikiwa uji wa moto, na mwenzake amelilalia hapo hapo. Nikayatenganisha. Baada ya wiki chache yamefikiana tena. Nafasi ilikwisha. Ama nipate tangi kubwa, ama nikae kwenye kochi nikiyatazama yanavyouana.

Tangi kubwa linataka ukuta. Sebule yangu ilikuwa na ukuta wa mlango, wa dirisha lenye jua kali, wa makochi, na ukuta wa kabati. Mnalijua kabati lenyewe: la mninga, milango ya vioo, ndani glasi za ukingo wa dhahabu na chupa za chai za Dubai, juu yake vitambaa vya kufuma. Mama alinipa kwenye sendofu yangu, sherehe ya kuniaga nikienda kuolewa. Kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyenywea glasi zile isipokuwa mchungaji, mara moja, na maji yenyewe hakumaliza.

Ndesanjo nilimwuliza. Akasema ukuta ni wangu, ila habari za mama mkwe wake yeye hayumo. Nikaenda kwa Ephraimu, fundi vioo. Maduka mapya yalikuwa yanafumuka mjini kila kona, na yeye ndiye aliyeyatia madirisha, kwa hiyo alikuwa na vipande vinene vimebaki. Alikuwa pia na binti wa kuoza, hana kabati la kumpa. Tukabadilishana: kabati tupu kwa tangi la futi sita. Vyombo nikavifunga kwenye sanduku, nikavisukuma uvunguni.

Kosa langu ni moja tu, mkokoteni. Kwetu Wachaga mwanamke akiachika, vitu vya sendofu ndivyo vinavyotangulia kutoka. Sasa kabati lilipita mtaa mzima juu ya mkokoteni, saa nne asubuhi, mimi nyuma nimelishikilia lisianguke. Kufika saa sita nilikuwa nimeshaachika. Jirani yangu Pudensiana alikuja na kilo ya sukari na machozi. Nikamwambia nimetoa kabati niweke tangi la matumbawe. Akanitazama kwa huruma, akasema uchungu ukizidi hupanda kichwani. Jioni yake habari ikapelekwa Machame na mtu wa basi.

Siku ya tatu mama akaingia na mjomba Abdiel. Nilikuwa nimepiga magoti, matumbawe yote yako kwenye beseni, na Ndesanjo anamimina maji ya Tanga kwenye tangi jipya. Mama hakunitazama. Alitoa ndani ya kitenge chake jani la isale lililofungwa fundo. Isale kwetu ni ya kuomba msamaha, na mtu akikuletea humkatalii, hata kama amekuulia ndugu. Akampelekea Ndesanjo kwa mikono miwili, akamsihi anisamehe chochote nilichomtenda.

Maskini mume wangu, dumu mkononi, hana hata kidole cha kupokelea. "Mama, hajanikosea," akasema. "Tunahamisha wanyama."

Mama akaweka isale mezani, akauliza kabati liko wapi. Nikasema ukweli wote, hadi binti wa Ephraimu. Akakaa chini. Alisema kabati lile lilikuwa kahawa yake ya misimu miwili, na kwamba alinipa ili mtu yeyote akiingia kwangu ajue nina kwetu. Iliniuma, sikatai. Sikuwa nimewahi kulisikia hilo.

Mjomba Abdiel ni mtu wa amani, na alikuwa na njaa. Akaokota isale, akanipa mimi: mpe mama yako, yaishe, tunywe chai. Ni rahisi hivyo. Mama hangeweza kukataa hata angetaka. Wote wakanitazama. Nikairudisha mezani.

"Mama, nimekuumiza, na kwa hilo pole sana," nikasema. "Lakini kosa silioni. Isale siishiki kwa uongo."

Mama akainuka, akajifunga kitenge.

"Basi Krismasi hii usipande Machame," akasema. "Ukipanda, upande na kabati."

Asiye wa kwetu hawezi kujua uzito wa neno hilo. Krismasi hata wezi wetu hurudi nyumbani. Nililia huku nikiyapanga matumbawe kwenye tangi, machozi yakidondokea humo humo, na hata hivyo sikukimbilia kwa Ephraimu. Kila tumbawe nikalipa nafasi ya mkono mzima. Kabla ya Desemba kovu la lile tumbawe la matawi lilianza kurudi rangi. Nikajiambia: Sia, umefanya jambo la haki, sasa libebe.

Desemba ikafika, mtaa ukahama kwenda milimani. Ndesanjo akashauri tuchume isale njiani, haina hasara. Nikamwambia akiichuma ataitoa kwa kosa lake mwenyewe. Tangi nikamwachia Pudensiana, ambaye siku hizo alikuwa anakuja kulitazama kila jioni huku akidai anaazima chumvi.

Tarehe ishirini na nne nikapanda Machame. Nilibeba sukari, mchele na nyama kama mtoto yeyote wa nyumba ile. Kabati sikubeba. Mama alikuwa uani anamenya ndizi. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Nikachukua kisu kingine, nikavuta kigoda, nikaanza kumenya. Tulimenya karibu mkungu mzima, mawifi zangu wakipita kwa kunyata kama kuna msiba ndani.

"Unamenya nene," mama akasema. "Nusu ya ndizi inakwenda kwa ng'ombe."

"Kabati halirudi, mama."

"Nimesikia. Menya vizuri."